Ncha ya Kilemba

Mwanangu Wangari,

Umeenda kwa guka, baba yangu, kuagana, na nimekuambia usiharakishe kurudi kwa sababu nilitaka kubaki na meza hii peke yangu. Baba yako yuko nje anapanga magunia ya viazi. Sitakuandikia habari za kuvaa sweta, wala za kuweka akiba, wala za kuchagua marafiki huko chuoni. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha. Nataka kukuandikia juu ya kilemba, na juu ya cucu yako, mama ya baba yako, huyo Wangari wa Skuta pale Nyeri ambaye kesho utaingia nyumbani kwake, na juu ya jambo ninalokusudia kumfanyia.

Ningekuambia kwa mdomo. Lakini unanijua, nikikasirika sauti yangu hupanda, na jina lako ni jina lake. Kwenye karatasi siwezi kupiga kelele. Isome asubuhi kabla ya chai, kabla baba yako hajawasha gari, kwa sababu mbele yake sitasema hata nusu ya haya.

Nilizaliwa nikakuta kila kichwa nyumbani kwetu kimefungwa kitambaa cheupe. Hapa Endarasha watu walituita watu wa vilemba, na kwa kweli jina lenyewe halikuwa tusi, lilikuwa tu njia ya kutuonyesha barabarani. Guka yako ndiye aliyekuwa akitufunga asubuhi za Jumapili. Unajua mwenyewe jinsi anavyofanya, kwa sababu amekufunga wewe pia: mmoja anashika ncha ya kitambaa akiwa amesimama mbali, mwingine anaikunja na kuizungusha kichwani, polepole, huku aliyeketi haruhusiwi kugeuza shingo. Na wakifika mwisho, mfungaji habandui mkono wake kwenye ile ncha ya mwisho mpaka aliyefungwa aseme ni nani aliyemvika. "Nimevikwa na baba," nilikuwa nikisema. Hapo ndipo baba anaichomeka ncha, na mimi nakimbia kutafuta viatu. Sijui kama kuna nyumba nyingine ya watu wa vilemba inayofanya hivyo. Kwetu ilifanywa, na guka hajawahi kukubali iachwe.

Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mwenye kilemba duniani ni wa kanisa letu. Siku moja guka alinipeleka Nyeri mjini kununua kitambaa, na kwenye duka la vipuri jirani alikuwa amesimama Kalasinga mmoja mrefu, ndevu zimefungwa vizuri, kilemba cha rangi ya bluu. Nilimwendea nikainua mkono nikamwambia kwa sauti ya ibada, "Bwana asifiwe!" Naye hakusita. Akanijibu, "Asifiwe sana, mtoto. Leo umekuja kununua taa ya lori?" Guka alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha wakaanza kuulizana urefu wa vitambaa vyao kama wakulima wanaolinganisha mashamba. "Ya kwako fupi, mzee," Kalasinga akamwambia. "Mimi ikiwa fupi hivi, mama yangu iko piga mimi." Nilitembea mji mzima nikiwa na furaha, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtu mkubwa, mwenye duka, ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia avue.

Halafu nikaenda sekondari, na mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa pwani aliyekuwa akitetemeka na baridi ya huku tangu Januari mpaka Desemba, akaniona na kitambaa changu akakigeuza kuwa somo zima. Alisema kilemba si kitambaa tu. Kwao, msichana akiolewa, mjomba wake hupewa kilemba, na si lazima kiwe nguo, ni heshima yake. Mwanafunzi akimaliza kufundishwa kazi, humpelekea fundi wake kilemba, maana yake asante, sasa nimejua. Na mtu akisifiwa uongo ili avimbe kichwa, wanasema amevikwa kilemba cha ukoka, yaani cha nyasi. Kuhusu lilikotoka neno, alisema huenda limezaliwa na kuremba, lakini hakuapa. Alisema pia lilipanda kutoka pwani, na lilipofika kwa Wagikuyu likapoteza lile l likavaa r, ndiyo maana sisi tunasema kiremba.

Nilimpelekea guka habari hizo jioni. Alikasirika. "Ati kurembwa? Nani hapa anajiremba? Kiremba ilitoka kwa ndoto," akasema. "Wazee walikuwa wanaomba huko msituni wakati wa mzungu, wakaambiwa wafunike kichwa. Hiyo mwalimu yako ilikuwa wapi?" Mimi nilisimama katikati nikawaamini wote wawili, na bado nawaamini. Neno laweza kutoka pwani na kitambaa kikatoka kwenye ndoto. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja mtu atalichukua neno hilo hilo anipige nalo.

Sasa nifike kwa cucu yako.

Baba yako alinipenda nikiwa na kilemba. Lakini mama yake alisema mtoto wake hawezi kuoa mbele ya kanisa lao msichana aliyefungwa kichwa namna hiyo, na baba yako akanisihi, na mimi nikakivua. Nataka ujue jambo hili vizuri. Hakuna aliyenivua. Nilikivua kwa mikono yangu miwili, kwa sababu nilikuwa nimempoteza mama nikiwa bado mdogo, na nilidhani nikivua kitambaa nitapata mama mwingine. Guka alinitazama nikikikunja. Alichukua sindano, akashona alama ndogo kwa uzi wa bluu kwenye ncha ya mwisho, akanirudishia. "Hata kama hukivai, kijulikane ni chako," akasema.

Nilikitundika kwenye msumari chumbani, kwenye ile nyumba ya mbao tuliyoanzia maisha, hapa hapa kwenye boma hili. Asubuhi baada ya harusi wanawake wa kanisa la cucu walikuja kuniona bibi harusi. Nilitafuta kitambaa changu nikifungue nione tu, sikukiona. Nikaenda jikoni, nikamkuta cucu yako ameketi na sufuria ya uji wa wimbi, ule mchachu, na ameutandika mdomo wa sufuria kitambaa cheupe, anachuja. Kitambaa kilikuwa kimelowa rangi ya udongo. Niliona uzi wa bluu unaning'inia karibu na moto.

Aliniona nikiona. Akawageukia wale wanawake akasema, "Si mnaona? Hii kiremba sasa hata imepata kazi ya maana." Wakacheka. Akajaza kikombe cha kwanza, akaninyooshea. "Kunywa, Kiremba."

Nikanywa.

Wangari, nimemlaumu yule mama kwa mengi, lakini hilo la kunywa ni langu. Ningeweza kumwaga. Ningeweza kukiweka kikombe chini. Baba yako alikuwa mlangoni, akaangalia kikombe chake mwenyewe kama aliyeona nzi ndani, na baadaye akaniambia, "Yeye huwa hivyo tu." Hata yeye sijamsamehe kabisa kwa neno hilo "tu". Jioni nilikifua kitambaa kwa sabuni, nikakifua tena kwa majivu, doa halikutoka. Nikakikunja nikakiweka chini kabisa ya sanduku langu la nguo.

Na tangu siku ile hakuniita jina lingine. Majirani waliniita bibi ya fulani, na baadaye Mama Wangari, lakini yeye aliniita Kiremba. Mvua ikinyesha, "Kiremba, anua nguo." Ng'ombe akizaa, "Kiremba, leta ndoo." Siku ya mazishi ya mumewe, mbele ya wageni kutoka Kagio na kila mahali, "Chai iko kwa Kiremba." Watu wa pwani wana maana zao nyingi za neno hilo. Yeye aliongeza yake: mtu asiyestahili jina.

Kisha ukazaliwa wewe, msichana wa kwanza, na desturi yetu unaijua, haina mjadala. Msichana wa kwanza ni mama ya mume, hupewa jina lake. Mwanamke aliyekataa kutaja jina langu ndiye niliyetakiwa kumzaa upya, nimnyonyeshe, nimwite kwa upendo kila asubuhi. Nilikupakata nikakutazama, ulikuwa mzuri sana, nikasema, "Karibu, Wangari," na ulimi wangu ukawa mchungu.

Lakini sikukaa muda mrefu kabla sijagundua dawa. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa kei tu, ile miti ya miiba. Wewe ukianza kutambaa kwenye matope, mimi nilitoka nje nikaita kwa nguvu zote, "Wangari! Wewe mchafu! Hata maji huyajui!" Akiwa amekaa pale anapukuchua maharagwe, nilimwona mabega yakikaza. Mama anamkanya mtoto wake, nani atamzuia? "Wangari, una mdomo mrefu! Wangari, huna adabu! Wangari, utakufa bila rafiki!" Lo, nilikuwa na raha. Majirani walielewa, wengine walikuwa wanatoka kabisa wasikilize. Siku nyingine naye alijibu kwa kumkemea jogoo wake maneno ambayo hayakuwa ya jogoo.

Unakumbuka? Nadhani unakumbuka. Ulikuwa umeanza shule, tunakula githeri jikoni, ukaacha kijiko ukaniuliza, "Mami, leo ulikuwa unaita mimi ama ulikuwa unaita cucu?" Nilikuongezea chakula. Lakini swali hilo halijawahi kunitoka, kwa sababu kila jiwe nililomrushia lilipitia kwako kwanza. Yeye alikuwa upande ule wa ua, wewe ulikuwa miguuni pangu. Ndiyo maana baadaye nilianza kukuita Ngari, yaani chui, na hata hilo halikusaidia sana, kwa kuwa ukishazoea kupigiwa kelele hata chui huruka. Naomba radhi. Nimeandika mara moja na sitarudia, kwa sababu barua hii si ya radhi.

Cucu alipohamia Skuta kwa shangazi yako nilidhani nimepoa. Kumbe wapi. Mwaka ule ulipomaliza shule, ukaenda kwa guka ukaomba kuvikwa kilemba, mimi nilishika ncha na guka akafunga, ukasema "Nimevikwa na guka," na mimi nikalia, na wewe ukadhani nalia kwa imani. Sikulia kwa imani. Nilikupiga picha nikaituma kwa simu ya shangazi yako saa hiyo hiyo, ili yule mama aone jina lake limevaa kitambaa changu. Ulikivaa kwa sababu zako, na najua hazikuwa hizo zangu, na sijawahi kukaa chini nikakuuliza ni zipi. Utaniambia siku moja.

Kwa hiyo alipopiga simu ulipopata nafasi ya uuguzi, ukasikia mwenyewe kwenye spika: "Akuje. Nyumba iko, kitanda iko. Lakini hiyo kiremba aache hapo kwa geti. Nitamnunulia wigi." Baba yako akatazama dari. Wewe ulitabasamu tu. Mimi nilienda mjini siku iliyofuata nikanunua kitambaa kirefu kuliko chochote ambacho guka amewahi kufunga. Nilitaka uingie Skuta na kichwa kinachoonekana kutoka mbali. Nilitaka Jumapili wanawake wa kanisa lake wamuulize, "Huyu ni nani?" naye alazimike kusema, "Huyu ni mimi, anaitwa Wangari." Huo ndio ulikuwa mpango wangu, na wewe ndiye ungeubeba, tena bila kuulizwa.

Halafu shangazi yako akampigia baba yako simu. Ulijua cucu anatibiwa. Kile hukuambiwa ni kwamba nywele zimeisha zote. Nilimsikia cucu mwenyewe, alimnyang'anya shangazi yako simu. "Hii dawa imemaliza nywele yangu yote. Wigi inaniwasha kama upupu. Skafu ya kanisa inateleza, jana imeanguka mbele ya pasta. Mwambie Wangari akuje na ile kitambaa refu anifunge. Aulize Kiremba vile inafungwa."

Nilicheka. Nataka uambiwe na mimi, usije ukaambiwa na baba yako. Nilicheka nikaenda shambani nikacheka tena huko peke yangu katikati ya kabeji. Wigi! Aliyetaka kukuvisha wigi, wigi imemkataa. Na bado hana jina langu kinywani, hata akiomba. Siku nzima nilikuwa nikimwona na kichwa kitupu kwenye baridi ya mwezi huu, na picha hiyo ilinipasha moto. Niliwaza kukuambia usimfunge. Niliwaza kukuambia umfunge kwa ulegevu, kimwangukie tena mbele ya pasta. Sikuona huruma. Ilikuja leo mchana, ni ndogo, na sitaki uikuze kuliko ilivyo.

Ilikuja hivi. Nilichukua kile kitambaa kipya nikakigusa, bado ni kigumu kwa ile wanga ya dukani, nikawaza ngozi ya kichwa kisicho na nywele, jinsi inavyouma hata ikigusa mto wa kulalia. Wewe utasomea hayo. Nikajua hakitamfaa. Kinachofaa ni kitambaa kilichofuliwa mpaka kikawa laini, na kwenye nyumba hii kipo kimoja tu. Nikafungua sanduku langu. Kiko pale. Doa la wimbi liko pale, na uzi wa bluu uko pale.

Basi sikiliza ninachokuambia. Safari hii sikutumi wewe. Kesho naingia kwenye gari pamoja nanyi. Baba yako hajui, nitamwambia nikiwa nimeshakaa. Tukifika, wewe utaingia na kilemba chako kichwani, hutakiacha kwa geti, na utamsalimia cucu yako kwa heshima zote kwa sababu yeye kwako hajakosa kitu. Mimi nitamwekea kiti dirishani. Wewe utashika ncha na kusimama mbali. Nitakayefunga ni mimi.

Nitafunga kama guka alivyonifunza, polepole, bila kumwumiza. Doa nitaligeuza liwe ndani, upande wa kichwa, na nje kutakuwa kweupe. Hakuna atakayeliona. Lakini yeye atakijua kitambaa. Nitampitishia ile ncha yenye uzi wa bluu mbele ya macho kabla sijaizungusha, na nitamwacha aitazame kadiri anavyotaka. Yule mwalimu alisema mwanafunzi aliyehitimu humpelekea fundi wake kilemba. Mama huyu alinifundisha mengi, na mimi nampelekea chake.

Nikifika mwisho, nitaishika ncha ya mwisho na nitamweleza desturi ya nyumbani kwetu. Aseme ni nani aliyemvika.

Akisema "Kiremba", nitaendelea kushika. Akinyamaza, nitaendelea kushika. Akijifanya amesinzia nitamngoja aamke. Wewe usimsaidie. Usimnong'oneze, usiniangalie kwa yale macho yako ya kuombea watu, na usimwache baba yako aingie kusema yeye huwa hivyo tu. Viazi vinaweza kulala kwenye gari. Nina siku nzima, na mkono wangu umezoea kushika jembe, hauchoki haraka.

Analijua jina. Alilisikia kanisani siku ya harusi likitangazwa kando ya la mwanawe. Nataka kulisikia likitoka kinywani mwake mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na wewe ukiwa umesimama pale unasikia, ili ujue kwamba aliyekuzaa alikuwa na jina tangu mwanzo. Akilisema, nitaichomeka ncha, nitamwekea blanketi mabegani, na nitaingia jikoni kwake nimpikie uji wa wimbi. Nitauchuja kwa chujio.

Mimi ni mama yako,
Nyawira.